Nabii na Kenchi za Mbao Mbichi

Kanisani kwao walimwita Nabii, na wala halikuwa jina la heshima. Alikuwa seremala mwenye miaka thelathini na moja kazini, mikono migumu na mdomo mgumu zaidi. Kamati ilipoamua kumpa kazi ya paa jipya Chapchap, fundi aliyejifunzia useremala kwake, Nabii alisimama kikaoni akasema mbele ya wote: "Mbao hizi ni mbichi. Mkizipandisha hivi zitakaukia juu, zitasinyaa, misumari italegea na kenchi zinazobeba paa zitaachia. Zipangwe kivulini miezi mitatu kwanza." Mzee wa kanisa akamjibu kwamba husuda si tunda la Roho. Watu wakacheka, na jina likamganda.

Na alikuwa sahihi, jamani! Hilo ndilo lililomnyima raha. Jumapili wenzake wakifumba macho kuomba, yeye ya kwake yako juu, yanakagua kenchi. Mkewe humkanyaga mguu.

"Baba watoto, Mungu hayuko kwenye dari."

"Dari lenyewe liko wapi? Ndiyo maana naona vizuri."

Miezi sita ikapita, kiangazi kikawa kikali. Jumamosi moja asubuhi mkewe alikuwa na zamu ya kufagia kanisa, naye Nabii akajitia kumsindikiza, eti ambebee ndoo. Akainua macho. Kenchi ya tatu kutoka madhabahuni ilikuwa imeachia pale mbao mbili zinapokutana. Ungeweza kuingiza kidole. Misumari ilikuwa imechungulia nje.

Alifurahi. Sitamfichia siri: alifurahi mpaka akajipiga kofi la paja. "Mama watoto, njoo uone! Nilisema, sikusema?" Tayari alishaiona kamati nzima imekunja shingo kutazama juu, na mzee wa kanisa hajui pa kuuweka uso. Akatoa simu ampigie.

Mkewe alitazama juu, halafu akatazama chini ya ile kenchi. Hapo ndipo wanapokaa watoto wa shule ya Jumapili.

"Na wewe umefurahi," akasema, akaendelea kufagia.

Mwanamume akanywea. Akaketi kwenye benchi, simu mkononi, aibu imemjaa. Akimpigia mzee wa kanisa, paa litatengenezwa, jina lake litasafishika, na Chapchap hatapewa kazi tena mji mzima, ilhali mke wa fundi huyo ana mimba ya miezi minane. Akimpigia Chapchap, paa litatengenezwa vilevile, ila yeye mwenyewe atabaki nabii wa uongo mpaka anazikwa. "Bwana, wewe si unajua nilikuwa sahihi?" alinung'unika kuelekea madhabahuni. "Basi si inatosha?" Akajisikiliza moyoni. Haikutosha hata kidogo. Akampigia Chapchap hivyohivyo, meno yameumana.

"Njoo na ngazi, vipande vya chuma na bolti ndefu. Usiniulize kitu."

Walifanya kazi mpaka jua linazama. Kila kiungo walikibana kwa chuma pande zote mbili, wakatoboa, wakakaza bolti. Chapchap alikuwa hawezi hata kumwangalia.

"Mzee wangu, kesho nitasimama niseme ukweli wote."

"Shauri yako," akajibu Nabii kwa unyenyekevu mkubwa. Moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Kesho yake, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akasema, "Leo paa letu limetimiza miezi sita, halijatikisika! Nabii, vipi, linaanguka lini?" Kanisa zima likaangua kicheko. Chapchap akasimama. Nabii akaweka kola yake sawa.

"Naishukuru sana kamati kwa kuniamini," Chapchap akasema, akaketi.

Loo! Nabii alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Na katikati ya hasira ile ndipo alipojijua. Kumbe tangu jana hakuwa ameachilia kitu. Alikuwa anangoja tu aletewe sifa zake na mtu mwingine. Ikamuuma kujiona hivyo, tena ikamuuma zaidi ya kile kicheko.

Ibada ilipoisha alimkuta Chapchap nje, amejibanza ukutani, macho mekundu.

"Nimeshindwa, mzee wangu. Mdomo umekataa. Niende nikamwambie sasa hivi?"

Mzee wa kanisa alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, peke yake, anafunga madirisha. Nabii alimtazama, kisha akarudisha macho kwa Chapchap.

"Hilo ni lako na Mungu wako," akasema. "Langu ni hili: kesho nina milango minne ya kutengeneza, njoo tufanye wote. Saa moja kamili. Na mbao nachagua mimi."

Akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Shingo ilimwasha kutaka kugeuka aone Chapchap ameelekea wapi. Hakugeuka.