Nilivyokaza Mashine za Gemu Same

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kanda alinikabidhi bisibisi na funguo sita, mmoja kwa kila mashine ya gemu. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa milango. Karakana ya mkonge nilikokuwa fundi umeme ilikuwa imetupunguza kazini, na kampuni moja ikafungua ukumbi wa michezo Same mjini, karibu na stendi.

"Unajua kukaza?" aliniuliza.

Nilidhani anasema skrubu. Akafungua mgongo wa mashine, akanionyesha vijiswichi vinavyopanga ugumu wa mchezo. "Mteja akizoea, kaza. Akitaka kukata tamaa, legeza kidogo. Asijue."

Nikaifanya kazi hiyo miaka minne.

Mteja wangu hodari alikuwa Eliamini, mkata mkonge wa shamba la Bendera. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi kuja kucheza gemu ya ndege za vita. Alikuwa na kipaji. Kila alipoikaribia hatua ya mwisho, nilikaza kabla hajarudi. Siku moja aliachia mpini, akavitazama viganja vyake vilivyochanwa na miiba.

"Mikono imekwisha, fundi. Haifuati tena macho."

Nikamwambia apumzike. Hakurudi tena.

Mkaguzi wa kampuni alipokuja toka Moshi nilimwambia, "Mzee, wateja wanadhani wao ndio wabovu."

"Ndiyo kazi yenyewe," alijibu, huku akiandika.

Nilikuwa na watoto shuleni, nikanyamaza. Nikahamishiwa Mwanga, nikakaza huko pia, mpaka lori lilipokuja kuzibeba mashine zote bila hata barua.

Sasa nimestaafu, nalima huku Chome. Wajukuu wanacheza kwenye simu. Hulalamika kwamba hatua imekuwa ngumu ghafla, na kampuni ukiiandikia haijibu. Siwakatazi, maana gemu ni tamu. Nawaomba tu wasiwe wepesi kujilaumu.

Mwaka jana nilikutana na Eliamini gulioni, kichwa cheupe. Nilichoka kukaa na jambo lile, nikamweleza lote.

"Kwa hiyo nilikuwa naweza?"

"Ulikuwa unaweza sana."

Akafunga mzigo wake wa maharage taratibu, fundo moja baada ya jingine.

"Ungeniambia siku ile," alisema, akaenda kutafuta basi.