Mashimo Matatu ya Mlimani

Mapumziko yale yalinigharimu laki sita na elfu sitini. Nimehesabu mara mbili: laki nne kukodi gari, laki mbili na elfu kumi na mbili dizeli, elfu thelathini ofisi ya kijiji kwa ruhusa ya kulala msituni, elfu kumi na nane gesi. Mwenye gari, fundi mmoja wa Kahama, alianzia laki sita. Nikamwambia kwa bei hiyo anikabidhi na kadi ya gari kabisa.

Ni Coaster kuukuu aliyoing'oa viti, akaweka kitanda, jiko, sinki na mapazia. Choo chake ni ndoo yenye mfuniko.

"Kila asubuhi, mzee, unachimba shimo la kufika magotini, unamwaga, unafukia," alinielekeza. "Mbali na mto. Na usirudie shimo."

Sababu ya yote ni mke wangu. Nyumba yetu ya Ngokolo imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Miaka yote ya ualimu aliikimbia mchana. Alipostaafu akabaki nayo kutwa. Akaniomba siku nne tu za kusikia ndege. Hajawahi kuniomba kitu kisicholiwa wala kuvaliwa, kwa hiyo nilishtuka, nikakubali.

Tuliegesha kwenye vilima vya miyombo, mbele ya Nyarugusu. Mwalimu wangu alilala mchana ule ule, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba. Mimi nilikaa macho. Mahali pazuri hivi, na hakuna mtu? Nikahesabu matairi: sita, na la akiba la saba. Nikarudia.

Asubuhi ya kwanza nilibeba ndoo na jembe. Nikahesabu hatua sitini toka mtoni, nikatazama kushoto na kulia, maana mtu mzima ana aibu zake, nikachimba, nikafukia, nikatandaza majani juu. Kugeuka, mwanamume amesimama kwenye mti.

"Mwangaluka, baba. Hujaona ng'ombe mwekundu?"

Sikuwa nimemwona.

Asubuhi ya pili nilichimba kwingine. Wakaja wawili, na ng'ombe sasa alikuwa na baka jeupe. Asubuhi ya tatu, shimo la tatu, wakawa wanne na ng'ombe amegeuka mweusi.

"Hawa wanataka matairi," nikamwambia mke wangu.

"Baba watoto, wewe hata padri akikusalimia unashika mfuko. Lala."

Asubuhi ya nne hatukuamshwa na ndege. Ilikuwa sululu. Nikatoka mbio na jembe, nikawakuta watu kumi na moja, nilihesabu mara mbili, wamegawana mashimo yangu yote matatu. Aliyewaongoza ni mama mmoja mnene, karai kichwani, kanga kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnachimba nini?"

"Unachochimba wewe."

"Mama, hicho ni choo!"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha sululu. "Kila aliyepata mwamba wa dhahabu husema ni choo," akasema yule wa ng'ombe. "Mtu anapima kwa hatua, anaangalia nyuma, anafukia, anafunika majani. Choo gani kinafichwa hivyo?"

"Hamjakuta ushahidi?"

"Tumeukuta," akasema mama yule, akikunja pua. "Ndiyo maana tukajua wewe si mwanafunzi. Umetupia uchafu juu ili watu wakimbie. Sisi hatukimbii."

Kwa kweli, ningekuwa mimi nimewaona wao wakifanya vile, ningechimba pia.

Mke wangu alitoka na kanga ya kulalia, akasikiliza sululu zikilia mlimani. "Afadhali mashine," akasema. "Ile hupumzika ikikatika umeme." Akaanza kufungasha vyombo. Hakuninunia, na hilo ndilo lililoniuma.

Tulipokuwa tunaondoka, yule mama akagonga dirisha langu. Desturi yao ni kwamba aliyefungua duara, yaani shimo, ana fungu lake hata akiwa hayupo. Akanipa jiwe lenye ukubwa wa ngumi, lina mstari wa njano. "Toka shimo lako la pili, baba. Dhuluma hukimbiza dhahabu."

"Litupe," mke wangu akasema. "Lina choo."

Nikalitupa. Chini ya kiti.

Sasa liko stoo, ndani ya debe la misumari. Nimeliosha mara tano na bado nalinusa. Silipeleki kwa wenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wanisagie, kwa kuwa wao nawaamini kidogo kuliko wale wa ng'ombe. Juzi, mashine ya jirani ikinguruma, nikamwambia mke wangu turudi kulekule, siku nne nyingine, tuegeshe mbali kidogo. Akanishika mkono. Akasema hakujua kama nilimsikia siku ile alipoomba, kwamba alihitaji kimya kiasi kile. Ameshaanza kukunja mashuka.

Na mimi nimeshanunua sululu.

Enyi mliooa walimu, nishaurini: nimwambie habari ya jiwe kabla sijamlipa fundi wa Kahama, au nimpeleke kilima kingine kabisa, chenye ndege, na sululu niiache nyumbani?