Karatasi Iliyokuja Mwezi Ukiwa Mpevu

Saa moja asubuhi, ufukweni Luanda Kotieno, Adero anapanga betri chini ya paa la mabati. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wanazitua moja moja, zikiwa bado na maji ya ziwa. Anazipangusa kwa leso kuukuu, anaziunganisha na nyaya za sola, kisha anaandika jina la mwenyewe kwa chaki.

"Laban, hii umeiangusha tena?"

"Mama, ni boti iliyoyumba."

"Boti haina mikono. Lete ya pili."

Wanaume wanacheka. Jioni watazirudia, ziwashe taa za kuvutia omena.

Kituo hiki ni mali ya wanawake thelathini na wawili wanaoanika omena. Adero, mwenye miaka hamsini na mmoja, amekisimamia mwaka wa tisa sasa. Kuchaji betri ni shilingi hamsini; mjane hulipa akipata.

"Hiyo sheria tulitunga wenyewe, tumeketi juu ya nyavu," anasema.

Nusura wakipoteze. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawafuati taa, basi ufuo hulala na wanawake huenda shambani. Mwezi uliopita, siku hizo hizo, watu wawili wa kampuni fulani walipita nyumba kwa nyumba na karatasi. Walisema ni ya kubadilishiwa paneli zilizochoka. Wanawake kumi na watano walitia kidole gumba. Adero alikuwa mmoja wao.

"Walikuwa na adabu," anasema, akikitazama kidole chake. "Hata chai yangu walikunywa."

Jioni binti yake Lorine aliisoma nakala waliyoachiwa. "Mama, hapa mmewapa kituo miaka ishirini. Bei watapanga wao."

Katiba ya kikundi inataka watu kumi na saba wakubali ndipo kituo kitolewe. Walikuwa wamebaki wawili tu. Kesho yake kabla ya jua kuchomoza Adero alishika njia kwa miguu, vijiji vitatu, akibisha kila mlango: usitie kidole.

Siku hizi ufukweni gumzo ni nyuklia, umeme wa mtambo ambao serikali inapanga kuujenga huku. Zacchaeus, fundi wa injini za boti, anaitaka.

"Ya serikali ni ya wananchi wote, Mama. Sola zako zitaendesha kiwanda gani?"

Adero habishi. "Iwe jua, iwe nyuklia, mimi nauliza mwenyewe ni nani. Na yule asiye na kitu, atawashiwa? Waje waisome karatasi yao hapa, kwa Dholuo, lugha yetu, watu wote wakisikia."

Kesho kutwa mwezi unakuwa mpevu, na wale wawili wa kampuni wameahidi kurudi. Safari hii hakuna atakayeenda shambani. Wote thelathini na wawili watakaa kituoni, Lorine asome neno kwa neno, kisha wale kumi na watano waondoe vidole vyao kwa barua.

Adero ameshanunua majani na sukari.

"Chai nitawapa tena, ni wageni," anasema, akifuta chaki mikononi. "Lakini mara hii karatasi itasomwa kwanza."