Mwanangu Haongei

Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kulia.

Likizo ya uzazi ilipoisha, kazi ya ofisini hapa Dodoma ilinibana, nikamwacha Daudi wangu kwa mama mkwe kule Hombolo, nikawa namwona mara moja moja. Sasa ana miaka miwili na nusu, na kila nikienda ananibwabwajia vitu visivyoeleweka. Mtu wa Tanga mimi, nikajua basi, mtoto kachelewa kuongea.

Juzi nikambeba hadi kliniki, nikamlilia nesi mbele ya kina mama wote: "Dada, mwanangu hana hata neno moja!"

Nesi akachuchumaa, akamsemesha Kigogo, lugha ya bibi yake. Daudi akajibu, akaendelea, akaninyooshea kidole. Kina mama wakainama.

"Anaongea vizuri sana," nesi akasema taratibu. "Anauliza, huyu mgeni atamrudisha lini kwa mama kule Hombolo?"