Bi Kati wa Njia ya Tatu

Jina la Bi Kati alipewa na madereva wa treni, tena kwa kumcheka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufunga mabehewa kwenye yadi yetu: kazi ya kuinama, kuingia baina ya behewa na behewa, kutia ndoano na kuikaza huku kichwa cha treni kikinguruma mbele. Kabla ya kuingia alipaza sauti, "Niko kati!" Dereva alipaswa kumjibu, "Uko kati," na asiguse kitu mpaka asikie, "Nimetoka!" Wanaume wengi walimalizana kwa kupungiana mkono. Yeye asipojibiwa, haingii.

"Kila siku uko kati, wewe. Si ndani, si nje," dereva mmoja alimtania. "Tukuite nani, Bi Kati?"

"Niite utakavyo, shemeji, bora uniitikie."

Dereva huyo alifanya naye kazi kwenye njia ya tatu ya reli za yadi mpaka wote wawili wakaota mvi. Hakuna aliyepoteza hata kidole.

Bi Kati hakufia kazini. Alifia nyumbani, kwa maradhi ya kifua, katika chumba ambacho treni ikipita vikombe hulia kabatini. Siku za mwisho alishika neno moja tu: "Niko kati." Binti yake, ambaye ni mshonaji, alimpa maji, akamgeuza ubavu, akamfunika.

"Mama, unataka nini?"

"Niko kati."

Akaendelea hivyo mpaka sauti ikakatika. Msibani binti alimsimulia dereva. Mzee wa watu akaketi chini palepale, na suti yake.

"Hamkumwitikia?"

"Kwani anaitikiwaje?"

Akamwambia. Binti akalia upya.

Tangu hapo dereva akawa mzito njia ya tatu. Mfungaji ameshatoka, ameshaita, yeye bado ameshika breki, sikio dirishani.

Wafanyakazi tulichanga, tukaanzisha ufadhili kwa jina la marehemu ili wasichana wapate kusomea kazi za reli. Wa kwanza kuupata alikuwa binti wa muuza mkaa. Alisoma vizuri, ila mwisho wa mafunzo kuna jaribio la vitendo; akishindwa, ufadhili unakoma, na kwao hakuna wa kumlipia tena. Jaribio lilipangwa njia ya tatu, asubuhi, dereva akiwa yuleyule. Binti wa Bi Kati alialikwa kushuhudia.

Msichana akaita, akajibiwa, akaingia, akafunga, akatoka.

"Nimetoka!"

Treni haikusogea.

"Nimetoka, babu!"

Msimamizi akapiga kelele: "Mzee, umesinzia huko juu? Treni isipoondoka siwezi kumpitisha huyu mtoto!"

"Bado kuna mtu," dereva akasema.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikawaishia kinywani. Baina ya mabehewa mnyororo wa akiba ulikuwa unagonga chuma, taratibu, na upepo haukuwepo. Nilikuwa nimesimama karibu, niliusikia. Msichana alikuwa amekaza macho kwa msimamizi, kwenye kalamu aliyoishika juu ya fomu ya jaribio.

Binti wa Bi Kati akasogea mpaka kwenye reli, akashika ukingo wa behewa. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Uko kati, mama. Uko kati."

Mnyororo ukatulia. Dereva akavua kofia, akasikiliza. Alichokisikia hajakisema hadi leo, nasi hatujamuuliza. Akaachia breki. Mabehewa yakavutana moja baada ya jingine, na ndoano ya msichana ikashika. Msimamizi akatia saini haraka haraka, akaondoka bila kuaga.

Baadaye wale wanawake wawili walikuwa bombani wananawa.

"Ulipokuwa ndani kule," binti wa Bi Kati akauliza, "uliona kitu?"

Msichana akaendelea kujisugua grisi kwenye kucha.

"Sikuona mtu, shangazi. Ila kuna aliyenipisha."