Doti Moja, Wanawake Wawili

Kanga mpya ina harufu yake: wanga, rangi, na kwa mbali kitu kama mafuta ya taa. Nikiisikia harufu hiyo dukani huwa nasimama, na wanangu husema mama kaanza tena. Hawajui kwamba nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huko Temeke, upande wa kuelekea Chang'ombe, nyumba yetu ilikuwa na doti moja tu ya kanga, na doti hiyo ilikuwa ya watu wawili: mama yangu na Shangazi Somoe, dada yake baba. Waliinunua kwa kuchangiana, wakaikata katikati, kila mmoja akapinda kipande chake kwa mkono. Uani kipande kimoja kilitosha, ukikifunga juu ya gauni lililochakaa. Barabarani mwanamke wa mtaa wetu alihitaji viwili, kimoja kiunoni na kimoja kichwani, la sivyo angetembea na aibu yake mchana kweupe. Kwa hiyo mmoja akitoka, mwenzake alibaki. Sheria yao ilikuwa nyepesi: anayesema kwanza ndiye anayetoka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipofundishwa shuleni kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mimi niliwaza maadui hao kama majitu yanayoishi mbali, labda ng'ambo ya mpaka, wala sikudhani kwamba wamekwisha kupanga chumba kwetu. Baba alikuwa kibarua, leo anapata, kesho anakosa. Tulikula mara moja, jioni, ugali na mchicha, na mchana tulitafuna muhogo mbichi ukipatikana. Hakuna aliyelalamika, maana majirani wengi walikuwa hivyo hivyo, na watu wa kusini kama sisi tumelelewa kuamini kwamba njaa ya nyumbani haitangazwi sokoni. Siri hiyo tuliitunza kama wengine wanavyotunza dhahabu, na ndiyo iliyokuja kutuponza.

Mama alijiandikisha kisomo, yale masomo ya watu wazima, alasiri katika shule yangu mwenyewe. Aliketi kwenye dawati langu, magoti yakigonga juu, na jioni mimi nilimsahihishia daftari kwa ukali ambao leo unanitia haya. Siku alipoanza kusoma bila kubabaika, alisoma kila kitu: mfuko wa unga, gazeti lililofungiwa samaki, mwishowe kanga yake mwenyewe. Akagundua kwamba miezi yote ile alikuwa akiivaa maneno yakiwa juu chini. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Wifi, na mie niliyekuwa nakuiga ufungaji wako je?" alisema. Mtaa mzima haukuwa umeona kasoro, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa haujui kusoma, nami niliyejua sikuwahi kuyatazama maneno yake.

Ndipo ikaja habari kwamba kiwanda kimoja cha nguo kitaajiri wanawake wa kukunja vitambaa na kubandika lebo, na sharti ni cheti cha kisomo. Mtihani ulipangwa siku moja, Jumamosi saa nne asubuhi. Mama alisema mapema, wiki nzima kabla, na Shangazi akakubali. Kwangu mtihani ule ulikuwa na maana moja tu: kula mchana. Nilimuuliza mama maswali hadi usingizini.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amekwisha kujifunga kanga zote mbili mtoto wa jirani alipokuja mbio. Mama yake Bi Zena amefariki alfajiri, maiti itazikwa baada ya adhuhuri, na Bi Zena anamwita Somoe aje kumwosha marehemu. Bi Zena alikuwa shoga wa Shangazi, wa kupeana chumvi na kupeana siri. Kuitwa kuosha maiti si jambo la kujibu ngoja kwanza. Na hakukuwa na kanga ya kuazima, kwa kuwa siku ya msiba kila mwanamke huvaa zake na kwenda nazo msibani. Mama akaanza kuifungua ile ya kichwani. "Nenda wewe, wifi. Msiba haungoji."

"Na mtihani unangoja?" Shangazi akamuuliza. Akaichukua ile kanga, akamrudishia mama kichwani, akamfunga mwenyewe kwa nguvu, kama anayemfunga mtoto. "Nenda. Mie nitajua la kusema."

Alichojua kusema kilikuwa homa. Alinituma mimi. Nilimkuta Bi Zena amekaa mkekani, nikamwamkia shikamoo, nikasema Shangazi ameamka na homa kali, hawezi kusimama. Bi Zena akaitikia marahaba, akanishika shavu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha mbaya ya mtoto aliyesema uongo ukapita. Lakini sisi tulisahau desturi yetu wenyewe: mgonjwa hutazamwa. Hata katika shughuli ile Bi Zena aliwaomba wanawake wawili wapitie kumjulia hali shoga yake. Walimkuta Shangazi uani, gauni limechanika mgongoni, anafua nguo za baba huku jasho likimtoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu haikufika hata adhuhuri. Walitazama beseni, wakageuka.

Mama aliporudi, Shangazi alijitanda kanga zote mbili akaenda matangani, nami nikamfuata. Maiti ilikuwa imekwisha kuzikwa. Bi Zena hakuinuka. "Homa imeshuka, Somoe?" aliuliza mbele ya watu. "Au siku hizi mnaosoma hamshiki maiti za wasiosoma?" Neno moja tu lingetosha kumwokoa: hatuna nguo. Nilifungua mdomo nilitamke mimi, na Shangazi akaniminya mkono hadi nikanyamaza. Kusema vile ingekuwa kumvua nguo kaka yake mbele ya mtaa. Akachagua kuonekana mwenye maringo kuliko kuonekana maskini. Alikaa kidogo pembeni, akaaga, tukarudi nyumbani.

Mama alifaulu. Kiwanda kikamchukua, na mwezi wa pili tukaanza kula mchana, wali wa nazi siku ya mshahara, baadaye tukaezeka mabati. Nguo ya kwanza aliyonunua ilikuwa doti nzima ya Shangazi peke yake. Shangazi aliishika, akalia, akasema asante wifi, akaikunja. Kufikia wakati huo Bi Zena alikuwa amehamia Ukonga na wanawe, bila kuaga.

Nasikia wataalamu wakisema kwamba umaskini ule wa kutupwa umepungua duniani, na wapo wanaobisha. Mimi sibishi, maana nimeuona ukitoka mlangoni kwetu. Binti zangu wakipata habari ya msiba hugombana ni kanga ipi iende na ipi, na nikiwasikia moyo wangu hushukuru, hata nikiwafokea. Umaskini haukutuua kwa njaa. Ulichotunyima sisi ni kile ambacho mshahara wa mama ulichelewa kukirudisha, na sijasikia mtaalamu akikitaja.

Mwaka juzi Bi Zena alifariki. Shangazi, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo, alisema kwanza, kama zamani. Tulifika Ukonga mapema. Aliingia akaosha maiti pamoja na wenyewe, akakaa matanga yote bila kurudi nyumbani. Siku ya pili binti mkubwa wa marehemu alinivuta kando.

"Dada, samahani," alininong'oneza. "Yule bibi anayelia kuliko sisi wafiwa ni nani kwetu?"

Nikamwambia ni shoga wa mama yako, wa tangu Temeke. Alimtazama Shangazi, akatikisa kichwa, akasema mama yake hakuwahi kumtaja.