Ozella na Moto wa Baba Yake

Ozella Tharpe alikuwa mbishi tangu tumboni. Kwao, kusini mwa Alabama, zamani ungetembea kutwa chini ya misonobari mirefu usiumalize msitu. Ikakatwa, ikawa nyumba za watu wengine. Makampuni yakapanda misonobari ya haraka haraka, ya kutengenezea karatasi. Ile ya asili ikabaki vipande vichache, na kimoja ni cha Ozella, kwa sababu baba yake aliwafukuza wakata mbao kwa bunduki.

Kila majira ya baridi mzee huyo aliuchoma msitu wake. Moto wa chini chini, unakula nyasi na majani makavu, miti mikubwa hata haishtuki. Mbegu zikidondoka zinakuta udongo. Alipokufa, Ozella akapiga marufuku kiberiti. Aliogopa. Miaka ikaenda, majani yakarundikana mpaka magotini, vichaka vikajaa, hakuna mche hata mmoja ulioota.

"Dada, msitu unazeeka na hauna mtoto," Cleophus, mdogo wake, alimwambia. "Tuuchome."

"Wewe uliyeunguza jiko la mkeo?"

Lakini akakubali. Cleophus akaja na reki. Alitaka kwanza waondoe majani kwenye mashina ya miti mikubwa.

"Baba alishika reki lini?" Ozella akamuuliza. "Niambie. Lini?"

"Baba alichoma kila mwaka, dada. Hapakuwa na kitu cha kuondoa."

"Utachoma kama baba, au urudi kwako ukalale."

Cleophus alimjua. Akairudisha reki kwenye gari.

Moto ukaenda vizuri, mpole kabisa. Ozella alilia kwa furaha, akakaanga kambare, akajisifu kanisani. Hakujua kwamba kwenye mashina haukuzimika. Ulizama ndani ya yale majani ya miaka, ukafuka humo polepole, ukipika mizizi.

Kiangazi vilele vikawa njano. Kisha rangi ya kutu. Mti mmoja, mwingine, yote.

"Sema basi," alimwambia mdogo wake. "Sema uliniambia."

"Sisemi kitu, dada."

"Sema, mjinga wewe!"

Bora angesema.

Miti ikifa ilizaa kama yenye wazimu, mbegu zikamwagika kwenye udongo mtupu. Baadaye Cleophus akamwita, wakapiga magoti. Vishungi vya kijani, ungedhani ni nyasi tu. Msonobari wa kwao hukaa hivyo miaka, ukishusha mzizi, ndipo uamue kurefuka.

"Imeota, dada. Tele! Baba angefurahi."

"Baba angenichapa," Ozella akasema. "Hii itafika kimo cha ile lini, Cleo? Mimi nitakuwa wapi?"

Ozella akanyoosha mkono aegemee mti mkubwa ili ainuke, na gome lote likabanduka likabaki mkononi mwake.